Nilivyopima gharama na manufaa ya vipimo vya maabara yetu

Nilipokabidhiwa usimamizi wa maabara, nilikuta orodha ya vipimo iliyopangwa kwa bei, kuanzia cha bei nafuu hadi cha bei ghali, na kila bajeti ilipopungua walionitangulia walikuwa wakikata kuanzia mwisho wa orodha hiyo. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo kilikuwa juu kabisa, kwa hiyo hakikuwahi kuguswa. Kipimo cha kuotesha damu, ambacho huwatafuta bakteria wenyewe, kilikuwa chini kabisa, na mwaka ule ndicho kilichotakiwa kiondolewe. Niliomba nipewe muda kabla ya kutia saini, kwa kuwa miaka niliyofanya kazi kwenye meza ya sampuli ilikuwa imenipa mashaka makubwa juu ya majibu ya Widal tuliyokuwa tukiyatoa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta gharama halisi. Bei ya kitendanishi, yaani kemikali inayotumika kupimia, ni sehemu tu ya gharama hiyo. Yapo pia majaribio ya udhibiti wa ubora, sampuli zinazorudiwa, saa za mtaalamu, na vitendanishi vinavyokwisha muda wake chupa ikiwa bado nusu. Niliyajumlisha yote, na hata hivyo Widal ilibaki kuwa ya bei ndogo mno ikilinganishwa na kuotesha damu. Kama ningeishia hapo, ningetia saini bila kinyongo.

Tatizo lilikuwa kwenye jibu lenyewe. Widal, iliyoanza kutumika mwaka 1896, haioneshi bakteria bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, na kingamwili hizo zinaweza kuwamo kwa sababu ya ugonjwa uliokwisha kupona, chanjo, au vimelea vingine, wakiwamo wa malaria. Ili isomeke ipasavyo huhitaji sampuli mbili zilizochukuliwa kwa tofauti ya siku 7 hadi 14, na kiwango cha kingamwili kiwe kimepanda angalau mara 4. Sisi tulichukua sampuli moja, tukatoa jibu siku hiyohiyo, na mgonjwa akaondoka na dawa. Jambo hili liliniumiza, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa ana homa ya matumbo huacha kutafutiwa chanzo kingine cha homa yake.

Mhasibu hakuridhika na maelezo ya kingamwili, na alikuwa na haki ya kudai hesabu. Nikamwomba tuchukulie, kwa mfano tu, kipimo bora kuliko Widal: kinachonasa wagonjwa 95 kati ya kila 100, na kuwaachilia wazima 95 kati ya kila 100. Tukipima watu 2,000 ambao wagonjwa miongoni mwao ni 20, tutawanasa 19. Lakini kati ya wazima 1,980, watu 99 nao watapewa jibu la kuwa na ugonjwa. Majibu chanya yatakuwa 118, na ya kweli ni 19 tu, yaani takriban asilimia 16. Kipimo hichohicho, kwa bei ileile, kikitumiwa kwa watu 2,000 ambao wagonjwa wao ni 600, kitatoa majibu chanya 640, na 570 kati yake yatakuwa ya kweli, yaani asilimia 89. Mhasibu aliitazama karatasi kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo dawa za wale 99 nazo tunazilipia?" Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalibadilika, kwa sababu gharama ya dawa zisizohitajika haikuwa imewahi kuandikwa kwenye safu ya maabara.

Sikutaka, hata hivyo, kukipamba kipimo cha kuotesha damu. Huchukua siku kadhaa, chupa ikiingiwa na bakteria wa ngozi kazi yote huharibika, na kwa homa ya matumbo hunasa takriban nusu tu ya wagonjwa. Baadhi ya upungufu huo tuliweza kuurekebisha kwa gharama ndogo sana: damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, ngozi isafishwe na kuachwa ikauke, na kwa mtu mzima kiasi cha damu kisipungue mililita 8 kwa chupa. Wauguzi walikuwa wakichukua mililita 2 au 3 kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kwa damu kidogo hivyo bakteria wanaweza kukosekana kabisa. Kuotesha hutupa pia jambo ambalo Widal haiwezi kamwe kulitoa, yaani kujua ni dawa ipi inayowaua bakteria hao. Baada ya homa ya matumbo yenye usugu mkubwa dhidi ya dawa kuenea nchini Pakistan kuanzia mwaka 2016, sioni jinsi maabara inavyoweza kuliita jambo hilo anasa.

Hatimaye hatukukata kipimo cha kuotesha. Tuliondoa kisanduku cha Widal kwenye fomu ya wagonjwa wa nje, na daktari anayeihitaji huandika sababu na tarehe ya sampuli ya pili. Fedha zilizobaki tulinunulia chupa za kuotesha, tukazielekeza kwanza kwa wagonjwa wenye homa ya siku nyingi, ambao uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa ni mkubwa. Baadhi ya madaktari walilalamika kwamba tumewanyima jibu la haraka, na malalamiko yao yana uzito, kwani mgonjwa huwa amekwisha kwenda nyumbani jibu la kuotesha linapotoka. Kwa sasa tunatoa taarifa ya awali mara tu chupa inapoonesha dalili za bakteria kukua, na mtaalamu wa zamu humpigia simu daktari husika badala ya kungoja fomu irudi wodini.