Kulabu, Kanzu na Bega la Kushoto

Aliyenipotosha kuhusu kufungua kulabu ya mkono wangu wa bandia ni jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga. "Siri yote iko begani, bwana. Lipandishe juu kama mtu anayeruka deni." Nikapandisha bega wiki nzima mpaka shingo ikakaza na kwapa la kushoto likachubuka, na kulabu inafunguka mara moja katika kumi. Jirani mwenyewe ana mikono yake yote miwili, sijui nilimsikiliza kwa lipi.

Mkono wangu wa kulia ulichukuliwa na korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, chini kidogo ya kiwiko. Huu wa bandia niliufuata hospitali ya KCMC, Moshi. Nauli, kula na kulala sikuhesabu sawasawa, laki kadhaa hivi. Hauna betri. Mkanda unazunguka bega la kushoto na kukatiza mgongoni, halafu waya unashuka mpaka kwenye kulabu yenye vidole viwili vya chuma. Pete za mpira zinaifunga, waya unaifungua. Nilisimuliwa kwamba aliyeibuni kulabu ya namna hii ni Mmarekani, Dorrance, aliyepoteza mkono wake kwenye kiwanda cha mbao, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1912. Hilo nililishika. Namna ya kuutumia nilionyeshwa pia, lakini akili yangu ilishapanda basi la Tanga.

Somo likanikuta msikitini. Nimeuvaa kwa maringo, siku ya Ijumaa. Kwenye sijida nikanyoosha mikono mbele kuliko inavyotakiwa, kulabu ikafunguka yenyewe, kimya. Nilipojikunja kuinuka ikafumba, kla! Pindo la kanzu ya mzee wa safu ya mbele limo ndani. Tukasimama. Nikivuta mkono kwangu kulabu haiachii, kanzu ndiyo inayopanda, na vigimbi vya mzee viko nje. Kusema siwezi, niko kwenye sala. Nikaona basi, angalau nimrudishie sitara yake: nikasogeza mkono mbele ili kanzu ishuke. Kulabu ikaachia.

Kilichosomwa rakaa ile msiniulize.

Kumbe mambo ni kunyoosha, wala si kupandisha. Mkono ukienda mbele, mgongo unatanuka, waya unakazika, kulabu inafunguka. Na mkono ukiwa karibu na mwili, sogeza mabega yote mawili mbele kidogo, kama mtu aliyeshikwa na baridi ya Lushoto. Inatosha. Ndani vaa fulana ya pamba, vinginevyo kwapa litachubuka.

Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu mikono ya umeme inayosoma misuli kwa vipande vya chuma vilivyogusa ngozi. Mizuri, sibishi. Lakini kuna kuchaji, na jasho la Tanga nalijua. Huu wangu, bega lenyewe linaniambia kulabu imefunguka kiasi gani, hata gizani. Waya ulipokatika sikurudi Moshi. Fundi baiskeli wa mtaani akanitilia waya wa breki, elfu mbili au tatu, na mipira ilipolegea nikakata pete za tyubu kuukuu. Pete tatu zinashika kijiko. Za kubebea ndoo nimeongeza, na hapo kufungua kunahitaji mgongo kweli kweli.

Kilichonisumbua mwisho ni kahawa. Kumpa mtu kikombe kwa kushoto ni utovu wa adabu, na kwa kulia, nikinyoosha tu kulabu inafunguka: nimeshavunja vikombe viwili vya watu barazani. Siku hizi kiwiko nakibana ubavuni, mabega nayaacha yalale, napiga hatua mimi mwenyewe mpaka kikombe kifike mkononi mwake. Akishakishika ndipo nasogeza mkono kidogo, kulabu inaachia.

Yule mzee hupokea chake kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameshikilia kanzu.