Zimamoto kuja bila maji, ngoja niwaambie inavyokuwa

Nikivua yunifomu nikapanda daladala kurudi zangu Mbagala, ikitajwa tu habari ya moto lazima atokee mtu aseme "hao si wanakujaga bila maji" na gari zima linacheka. Siku hizi nanyamaza tu naangalia dirishani. Ila hapa ni kwangu, hakuna wa kunikatisha.

Kila asubuhi tukipokezana zamu kitu cha kwanza ni gari. Maji, mafuta, pampu, mipira, mitungi ya hewa, vyote vinashikwa kwa mkono na kuandikwa kwenye kitabu, na ole wako afande akute tenki limepungua halafu we uko pembeni na chai na chapati. Gari kutoka kituoni kwetu tenki tupu mimi sijaona. Sasa piga hesabu, gari la lita 5,000, mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unatoa kama lita 400 kwa dakika na wakati mwingine zaidi, mkifungua miwili hiyo ni dakika sita na kidogo basi maji hakuna, na nyumba yenye dari la mbao, makochi na magodoro ndo kwanza imekolea. Kwahiyo gari linageuza kwenda kutafuta maji, hapo ndo simu zote zinatoka mfukoni, video inarushwa, "oneni wamekimbia".

Halafu kuna zile dakika za kwanza ambazo tumefika na hatumwagi. Hizi ndo zinatuponza kuliko chochote. Mmoja anauliza nani yuko ndani, wengine wanatandaza mipira, na wote tunasubiri umeme ukatwe. Kuna mzee aliwahi kunishika kola kabisa, "mwanangu mnangoja nini, mnangoja iishe?" nikamwambia shikamoo mzee wangu, ona ule waya umeangukia bati, nikimwaga maji pale naanza kufa mimi. Yeye alinielewa akaniachia. Vijana waliokuwa nyuma yake hawakutaka kuelewa, jiwe likatua kwenye kioo cha gari letu, na tukaendelea na kazi hivyo hivyo vioo vikiwa vimemwagika kwenye siti.

Njia nazo ni kesi nyingine. Tandale au Manzese ndani ndani huko gari la zimamoto halipiti, linaishia barabarani tunaunga mipira mmoja kwa mwingine mpaka tufike, na kila kipande unachoongeza presha inapungua. Na mtu ameegesha noah yake katikati ya uchochoro kaenda kuangalia moto!

Simu ni 114, bure, hata kama huna salio. Watoto wanajua sana kwamba ni bure, wanapiga wanacheka wanakata. Watu wazima nao wanapiga "njooni nyumba inaungua!" halafu kimya, ukiuliza wapi anakwambia huku kwetu, huku kwa mama nani. Toka anwani za makazi zije afadhali, mtu anakusomea namba ya nyumba na jina la mtaa, ila bado nakuomba usikate mpaka uambiwe ukate, na umtume mtu akasimame barabara kubwa atupungie mkono.

Gesi sasa. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi na mimi naunga mkono, nyumbani kwangu mkaa nimeacha. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni inakusubiri, na mtu akisikia harufu usiku anafanya nini? Anawasha taa aone inatokea wapi. Cheche ya swichi tu inatosha. Usiguse swichi, kuzima wala kuwasha, fungua milango, funga mtungi kama unafikika, toka nje ndo upige simu. Na mafuta ya chipsi yakishika moto usimwagie maji jamani, yanageuka mvuke palepale yanarusha mafuta mpaka kwenye dari. Zima jiko, funika na mfuniko, acha hapo hapo mpaka yapoe.

Nirudi kwenye maji maana ndo yalinileta. Gari likiishiwa linatakiwa lijaze kwenye haidranti ya karibu, zile bomba za zimamoto za barabarani. Nyingine zimefukiwa wakati wa kupanua barabara, nyingine zipo ila zinategemea maji ya mtaani, na Oktoba 2022 Dar ilivyoingia kwenye mgao baada ya mto Ruvu kupungua unaweza kujua na sisi tulikuwa kwenye hali gani. Nyingine zimejengewa. Juzi kati tulikuwa tunazikagua, moja tukaitafuta sana, kumbe iko ndani ya banda la mama ntilie, kaiwekea ubao juu anapangia sahani. Tukamwambia mama hii ni ya zimamoto, moto ukitokea hapa tunaihitaji. Akatuangalia, akaanza kutoa sahani moja moja, "si mngesema zamani wanangu, mie nilijua kitu cha Mjerumani hiki".