Namna Tulivyowalinda Waokoaji Wetu Wakati wa Mafuriko Kilwa

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja wilayani Kilwa. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, waliowahi kwenye nyumba zilizozingirwa na maji kijijini kwetu walikuwa vijana wavuvi na mitumbwi yao. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji jambo moja: awepo mtu ambaye kazi yake ni kuwaangalia waokoaji tu, asiingie majini wala asitumwe kwingine. Akanikabidhi mimi, na waathirika wakahudumiwa na mwenzangu.

Maji yafikayo magotini tu, yakienda kasi, humwangusha mtu mzima. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kwenda peke yake au bila kamba. Hata hivyo, nilichokiogopa zaidi ni homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka Ruangwa, hapa hapa mkoani Lindi, ukawapata watu 20 na kuua 3. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na mafuriko huusambaza kila mahali. Kisha hupenya kwenye michubuko, macho, pua na mdomo wa mtu anayeshinda majini.

Niliweka meza mahali pakavu, pakiwa na daftari la majina, ndoo ya maji safi na sabuni. Kila aliyetoka majini alinawa, akaketi, nami nikamkagua miguu hadi katikati ya vidole. Kijana mmoja alikuwa amekatwa na bati kisiginoni, naye akataka kurudi.

“Mama, huu mkwaruzo tu. Baharini miamba inatukata kila siku.”

“Mwanangu, haya si maji ya bahari. Yamepita vyooni na kwenye mashimo ya panya. Kaa hapa ushike kamba.”

Alinuna, lakini aliishika kamba hadi jioni, na kazi hiyo nayo ilihitaji mtu mwenye nguvu. Kwa wenye vidonda, tabibu wetu aliamua kuwapa doksisaiklini ya kinga. Sikuigawa kwa uamuzi wangu, kwa sababu dawa hiyo haimfai kila mtu.

Sehemu ngumu ilianza maji yalipokauka. Dalili zinaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, na kwetu kusini kila homa huitwa malaria, mtu akanunua dawa dukani akalala. Kwa hiyo niliendelea kuwapigia simu wote waliokuwa daftarini, nikiwauliza kuhusu homa, macho mekundu na maumivu ya misuli ya miguu. Mmoja wao alikuwa nazo zote tatu, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulimpa rufaa kwenda hospitali, na katika barua tukaandika waziwazi kwamba alikuwa mwokoaji wa mafuriko, maana bila taarifa hiyo daktari hana sababu ya kuufikiria ugonjwa huo mapema. Alianzishiwa matibabu siku hiyo hiyo, akapona.

Kamba tunazo sasa, na daftari liko ofisi ya kijiji. Majaketi ya kuokolea bado ni ya kuazima kwa wenye boti, na hayawatoshi vijana wote. Nimeiandikia kamati ya maafa ya kijiji kuomba yanunuliwe kabla ya masika, pamoja na mabuti ya mpira, na nitaendelea kuifuatilia.