Mama Aliposema, "Chomoa Moja"

Wiki iliyopita nilipita Keko kumtafuta fundi wa kunitengenezea rafu ya vitabu, na harufu ya mninga uliotoka kupigwa randa, ikichanganyika na vanishi, ikanisimamisha mlangoni kabla hata sijasalimia. Kabati la seva ya ofisi ya Mama, yaani kompyuta inayotunza faili za ofisi nzima, lilinukia hivyohivyo kwa miezi kadhaa, kiasi kwamba wateja walidhani tumenunua samani mpya. Fundi aliyelichonga, wa hukohuko Keko, alinishangaa nilipomwambia kwamba mlango uwe wa vibao vyenye nafasi na mgongo usiwepo kabisa, ili joto la mashine lipate pa kutokea. Aliniuliza kabati gani hilo lisilofunika kitu.

Ulikuwa mwaka 2010. Mama alikuwa ameshaachana na wabia wake, ugomvi ambao sitaurudia hapa, na alikuwa amefungua kampuni yake ya uwakala wa forodha karibu na Bandari ya Dar es Salaam, ghorofa ya pili, na makarani wachache waliomfuata kutoka kule. Kazi yenyewe ilikuwa karatasi: hati ya shehena, ankara, orodha ya vifungashio, hati za forodha, risiti za malipo. Karatasi hizo zilizunguka mezani kwa meza ndani ya flash, na kila flash ilikuwa na virusi vyake. Mbaya zaidi, ankara moja ilijikuta ina nakala tatu zenye thamani tofauti, na hakuna karani aliyeweza kuapa ipi ndiyo ya mwisho. Mzigo ukikwama kwa sababu ya mkanganyiko kama huo, tozo za kuhifadhi kontena zinaendelea kuhesabika siku baada ya siku, na mwenye mzigo hataki kusikia habari za flash.

Kwa hiyo nilitakiwa kuweka mahali pamoja ambapo kila karani angefungua faili ileile. Leo kijana yeyote angesema wapangishe nafasi mtandaoni na yaishe. Wakati ule kebo ya SEACOM, ya intaneti ipitayo chini ya bahari, ilikuwa imefika pwani yetu mwaka mmoja tu uliotangulia, Julai 2009, na ingawa tulishaanza kusahau mwendo wa intaneti ya satelaiti, ofisi ndogo bado ilinunua data kwa kuipimia. Hakuna aliyefikiria kufungua kila ankara kutoka ng'ambo.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Nilinunua kompyuta ya kawaida ya mezani na kuiongezea kumbukumbu na diski. Nilipitisha waya za mtandao ukutani, nikazibana vichwa vyake mwenyewe, rangi kwa rangi, mpaka ncha za vidole zikafa ganzi. Mfumo endeshi wa kompyuta hiyo ulikuwa Ubuntu toleo la 10.04 la seva, ambalo nilikuwa nalo kwenye CD iliyoletwa kwa posta bila malipo. Watengenezaji wake walikuwa bado wanamtumia CD yeyote aliyeomba, utaratibu waliousitisha mwaka uliofuata. Juu yake niliweka Samba, ili kompyuta za makarani, zote za Windows, zione folda za pamoja kana kwamba ni diski zao wenyewe. Chini ya kabati nikaweka UPS nzito, yenye uwezo wa kuishikilia seva dakika chache, muda wa kutosha kuizima kwa utaratibu umeme ukikatika.

Jioni ya makabidhiano makarani walikuwa wameshaondoka. Mama aliketi kwenye kiti cha mgeni, mkoba mapajani, akanisikiliza nikieleza kwamba ndani ya seva mna diski mbili za gigabaiti 500, na kwamba kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye nyingine, hivyo moja ikifa kazi haisimami. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza:

"Umeshaiona ikifa?"

Nikamjibu kwamba nimejaribu jambo hilo nyumbani, kwenye mashine nyingine.

"Nazungumzia hii niliyoilipia, mwanangu. Hii umeiona?"

"Hapana, Mama."

"Basi chomoa moja."

Nilimweleza kwamba mashine ya aina ile haichomolewi diski ikiwa inawaka, nikaizima kwanza. Nikafungua ubavu wake. Waya wa data ulikuwa mwekundu, mwembamba na bapa, na ulitoka kwenye diski ya kwanza kwa mlio mdogo wa plastiki ambao Mama aliusikia, kwa sababu aliinua uso. Nikauacha unaning'inia nje ili auone. Nikawasha. Feni ilivuma, maandishi meupe yakapanda kwenye skrini nyeusi, halafu yakasimama. Mashine iliuliza kama iendelee kuwaka ilhali safu ya diski imepungukiwa. Ndivyo nilivyokuwa nimeipanga, isiendelee bila idhini. Lakini kujua jambo na kulitazama na mwajiri wako yuko begani ni mambo mawili. Ukikawia kujibu swali lile, mashine hujiamulia kwamba hukubali.

"Inasemaje?"

"Inasema diski moja haionekani, inaomba ruhusa iendelee na iliyobaki."

"Iambie ndiyo."

Nikabonyeza. Maandishi yakaendelea kupanda. Mama hakungoja niseme lolote. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akafungua folda ya forodha, akaitafuta ankara ya kontena la vigae kutoka China aliyokuwa ameiandika mchana, na akaisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka kwenye jumla. Ilikuwepo. Aliporudi nilimwonyesha mahali ambapo mashine huandika hali ya diski: kabla ya hapo ilikuwa na herufi mbili ndani ya mabano, [UU], U moja kwa kila diski iliyo hai, na sasa ilikuwa [_U]. Akaigusa ile nafasi tupu kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya pengo la jino.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa naurudisha waya mwekundu mahali pake aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na karani akifuta ankara kwa bahati mbaya, ile diski ya pili inabaki nayo?"

"Hapana, Mama. Inafutika zote mbili, wakati uleule."

"Kwa hiyo umeninunulia diski mbili ili nikipoteza kitu nikipoteze mara mbili."

Vitabu vyangu vyote viliyaeleza hayo, kwa lugha ndefu zaidi. Nakala kamili ilikuwa kwenye mpango wangu wa awamu ya pili, na awamu ya pili ikaanza kesho yake asubuhi: diski ya nje, iliyochomekwa kila Ijumaa jioni, ikanakili kila kitu, kisha ikafungwa ndani ya leso na kuondoka na Mama ndani ya mkoba wake kwenda nyumbani. Nilipendekeza kunakili kila usiku. Akasema kitu kinacholala ofisini kinaibiwa pamoja na ofisi, na yeye hawezi kubeba diski kila siku kama dawa.

Mwaka 2011 ukaja na mgao wa umeme. Betri za UPS zilichoka kwa kukosa muda wa kujaa, na seva ikajifunza kuzimika na kuwaka mara nyingi kwa siku. Diski zilistahimili. Kilichotupata kilitoka kwingine: Alhamisi moja karani, akidhani anahamisha folda ya mwezi, aliifuta yote. Diski ya mkobani ilirudisha kila kitu hadi Ijumaa iliyotangulia. Kazi za kuanzia Jumatatu hazikuwepo popote, isipokuwa kwenye daftari la kaunta la Mama, ambalo hakuwahi kuacha kuliandika, pamoja na utani wote niliomtania: namba ya hati, jina la meli, thamani, ushuru uliolipwa. Makarani waliketi na daftari lile siku nzima, wakiingiza upya.

Bado sijui nilichukulieje jambo lile. Kuna siku naona daftari lilithibitisha kwamba ratiba yangu ya kila usiku ndiyo iliyokuwa sahihi. Kuna siku naona Mama alikuwa na ratiba yake ya kila saa, na hakuhitaji idhini yangu. Yeye hakulizungumzia hata mara moja. Ila mwisho wa mwaka, nilipokuwa nikipitia jedwali la hesabu kwenye folda yake ili kuhakikisha kwamba linafunguka, niliona chini ya kifungu cha vifaa vya seva: betri za UPS, diski ya nje, madaftari ya kaunta. Mhasibu aliniuliza kama ayahamishie kwenye vifaa vya ofisi. Nikamwambia ayaache hapohapo.