Gotu kola, jani la kwenye majimaji

Jamani, huu mmea naupenda sana na watu wanaukanyaga tu pembeni ya mito na mabondeni, kitaalamu unaitwa Centella asiatica na huku kwetu Afrika Mashariki upo pia. Kuutambua angalia jani, limekaa kama figo, kingo zina mawimbi mawimbi, na kikonyo kinashika pale kwenye mkato, shina linatambaa chini na kila kifundo kinatoa mizizi. Ukikuta kikonyo kimeshika katikati ya jani kama mwavuli, achana nalo, hilo ni hydrocotyle, mmea mwingine unaofanana nao, ndo linalochanganya wengi.

Madagaska wanauita talapetraka na tangu zamani wanautumia kwa vidonda, baadae watafiti wakatoa humo kemikali inayoitwa asiaticoside inayosaidia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, leo ipo kwenye krimu kibao. Sri Lanka wao wanakula kabisa, wanakatakata majani mabichi na nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, tamu mno!

Ila usichume kwenye mtaro wa maji machafu maana mmea huu unafyonza sumu za kwenye udongo. Mjamzito au mwenye shida ya ini asitumie bila kuongea na daktari, na kidonda kikubwa nenda hospitali.