Nilivyojifunza kumuuliza mtu kama ana kazi

Mama yule aliniambia hana kazi huku akigeuza mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, kwenye karai la mafuta. "Sina kazi, mwanangu. Nakaa tu." Nikatia alama kwenye kisanduku cha wasio na ajira, nikamshukuru, nikaenda zangu. Nilikuwa nimepita nyumba tatu zaidi hapo mtaani Obunga ndipo nikaduwaa na hojaji mkononi: nimeandika nini?

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya kukusanya data ya utafiti wa shahada ya uzamili, kuhusu ukosefu wa ajira na hali ya maisha katika mitaa ya Kisumu. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti, nilikuwa nacho, naibu wa chifu alishanipokea. Kasoro ilikuwa kwenye swali la kwanza kabisa: "Una kazi?" Kwetu kazi ni ile ya kuandikwa, yenye mshahara mwisho wa mwezi. Kukaanga samaki, kufua nguo za watu, kwenda mjengo, hayo ni kutafuta unga.

Shirika la Kazi Duniani lina kipimo tofauti kabisa. Ukifanya walau saa moja ya kazi ya malipo au faida katika wiki inayoulizwa, umehesabiwa kuwa na ajira. Asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya hata hiyo saa, yuko tayari kuanza, na amekuwa akitafuta. Aliyechoka kutafuta haingii humo, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu vijana wa aina hiyo niliwakuta ploti baada ya ploti.

Nilizitupa hojaji zote za wiki ile. Niliumia, maana nilizijaza kwa jua na kwa matope.

Swali jipya likawa hivi: "Tangu Jumatatu iliyopita, umefanya lolote la kukuletea pesa, hata kwa saa moja? Umeuza kitu? Umefulia mtu? Umebeba mzigo? Umemsaidia mtu wa nyumbani kwenye biashara yake bila malipo?" Hilo la mwisho lilinifumbua macho. Mabinti waliokuwa wakipanga samaki kando ya mama zao kumbe nao wanahesabika kuwa kazini.

Jambo jingine lilihusu saa za kubisha hodi. Nilikuwa nachagua kila mlango wa tano, nikimkosa mwenyewe naruka kwa jirani. Kumbe anayepatikana nyumbani saa nne asubuhi mara nyingi ndiye aliyekosa kibarua siku hiyo! Nikaacha kuruka. Mlango uliofungwa nilirudi jioni, na ikibidi Jumapili baada ya kanisa, hadi mara tatu.

Kuhusu ustawi wa kaya, nilikuwa nauliza, "Jana mlikula mara ngapi?" Mbele ya majirani kila mtu alikula mara tatu. Nililihamishia swali hilo mwishoni, tukiwa wawili tu, nikauliza: "Jana jiko liliwashwa mara ngapi?" Majibu yakabadilika. Wengine walidhani naandikisha watu wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, zile shilingi 2,000 za wazee kila mwezi, wakapunguza walichonacho. Ikabidi niseme mapema, kabla ya kufungua kalamu, kwamba sina msaada wowote na jina silichukui.

Kilichonisaidia zaidi kilitoka Marienthal, kijiji cha Austria kilichopoteza kiwanda chake cha nguo karibu na 1930. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, waliochapisha utafiti wao 1933, hawakutegemea dodoso pekee. Waliwaomba watu waandike siku yao saa kwa saa, wakarekodi na milo ya familia. Nami nikawa namwambia mtu anisimulie jana yake tangu alipoamka.

Nilirudi kwa mama wa karai. Jana yake ilianza saa kumi alfajiri, kupanga foleni ya mgongo wazi, ikaisha saa tatu usiku. Nilimwonyesha nilipoiandika. Aliitazama karatasi, akafuta mkono kwenye leso, akaniuliza, "Na siku ambayo samaki hakuja, umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Siku hiyohiyo nikaongeza swali: mwezi uliopita, ni siku ngapi ulitoka kwenda kazini ukarudi mikono mitupu?