Namba ya Chipu Kabla ya Jina la Mashine

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba Kariakoo baada ya kusoma ushuhuda wa mtu aliyekuwa na modeli ileile, naye akiapa kwamba Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, iliikubali tangu siku ya kwanza bila kusumbua. Nilifika nyumbani, nikasakinisha mfumo, ukawaka vizuri, lakini orodha ya mitandao ya Wi-Fi ilikuwa tupu. Kwa siku tatu nilipata intaneti kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB, huku nikimlaumu kimoyomoyo yule shahidi. Baadaye niligundua kwamba hakusema uongo. Modeli ile iliuzwa ikiwa na kadi za Wi-Fi za aina mbili. Yake ilikuwa moja, yangu nyingine, na hapakuwa na maandishi yoyote kwenye gamba la mashine yaliyoonyesha tofauti hiyo.

Kisa cha namna hii kinachojulikana sana miongoni mwa watumiaji wa Linux ni cha adapta ndogo ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilibeba chipu ya Atheros AR9271, ambayo huendeshwa na kiendeshi (programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) cha ath9k_htc kilichomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Matoleo ya pili na ya tatu yakabeba chipu ya Realtek RTL8188EUS, ambayo huhitaji kiendeshi kingine kabisa. Jina la bidhaa halikubadilika. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba TL-WN722N inafanya kazi hajakwambia kitu mpaka umuulize ni toleo lipi.

Kerneli haisomi majina ya biashara. Kila kifaa cha PCI (njia ya kuunganisha vifaa vya ndani ya mashine) au USB hujitambulisha kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya kifaa chenyewe, na kwa namba hizo kerneli huamua ni kiendeshi kipi kikishughulikie. Ukiandika amri ya lspci -nn utaziona ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano 8086:2723, ambapo 8086 ni Intel na 2723 ni kadi yao ya Wi-Fi 6 AX200. (Wanaokumbuka kichakataji cha 8086 cha mwaka 1978 watatambua kwamba Intel hawakuiokota namba hiyo njiani.) Kwa vifaa vya USB amri ni lsusb. Ukishapata namba, huhitaji tena kumwamini mtu yeyote: ndani ya saraka ya /lib/modules, chini ya toleo la kerneli unayotumia, kuna faili iitwayo modules.alias, na humo viendeshi vinavyopakiwa kama moduli vimeorodheshwa pamoja na namba za vifaa vinavyovidai. Ukiitafuta namba ya kadi yako ya Wi-Fi usiione, basi kwa kawaida kerneli hiyo, kwa toleo hilo, haina kiendeshi chake, hata kama mashahidi kumi wanasema kipo.

Nimesisitiza toleo kwa sababu habari hizi huchacha, tena kwa pande zote mbili. Hiyo AX200 ilianza kutambuliwa katika kerneli ya Linux 5.1, ilhali Debian 10 ilikuja na kerneli ya 4.19; aliyeandika wakati huo kwamba kadi hiyo haionekani alikuwa sahihi, na anayerudia maneno hayo leo anapotosha. Vivyo hivyo, hadi Debian 11 diski rasmi za usakinishaji hazikuwa na programu dhibiti zisizo huria (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kifaa chenyewe, ambazo msimbo wake hauko wazi) ambazo kadi nyingi za Wi-Fi huzihitaji. Wanachama wa mradi walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, programu hizo zimo ndani ya diski. Malalamiko mengi ya kabla ya hapo kuhusu Wi-Fi kutoonekana wakati wa kusakinisha yalikuwa ya kweli kabisa, lakini hayamsaidii tena anayenunua mashine leo.

Kuna pia swali la kinachofanya kazi kwa nani. Orodha ya h-node, tovuti ya vifaa vinavyokubaliana na mifumo iliyo huria kabisa, hupima vifaa kwa kipimo kikali: kifaa kinachohitaji programu dhibiti isiyo huria hakipiti humo, hata kama kwenye Debian kinakwenda bila shida. Hilo si kosa la h-node, ni msimamo wake, ila msomaji asiyeujua anaweza kuitupa mashine nzuri. Kwa upande wa linux-hardware.org, tovuti nyingine ya orodha za vifaa, taarifa hukusanywa na programu ya hw-probe, nazo huonyesha namba za vifaa na toleo la kerneli, jambo ninalolithamini kuliko sifa zozote. Utaratibu ninaouonea wivu zaidi ni wa OpenBSD, mfumo endeshi mwingine huria usio Linux: kila kiendeshi kina ukurasa wake wa mwongozo unaotaja chipu zinazokubalika, na kurasa hizo husafiri pamoja na mfumo wenyewe, kwa hiyo mwongozo na msimbo huzeeka pamoja.

Hata hivyo, kupatikana kwa namba hakumaanishi kwamba mashine italala na kuamka salama. Ndiyo maana siku hizi naenda dukani na flashi yenye Debian isiyohitaji kusakinishwa. Mara ya mwisho muuzaji aliniangalia kwa mashaka: "Kaka, unataka kuniharibia Windows?" Nikamweleza kwamba diski ya ndani haiguswi, akakubali kwa sharti kwamba asimame pembeni yangu. Niliandika lspci -nn, nikajaribu spika, maikrofoni na kamera, kisha nikafunga kifuniko, nikangoja dakika tano na kukifungua. Mashine ya kwanza haikuamka. Ya pili iliamka mara tatu mfululizo, na ndiyo niliyoilipia. Umri wake wa miaka mitano haukunitia hofu. Kwa anayetumia Debian thabiti, toleo ambalo kerneli yake haibadilishwi mara kwa mara, mashine iliyokwisha kufikiwa na kerneli ni afadhali kuliko mpya inayosubiri kiendeshi.

Kilichobaki ni kisoma alama za vidole. Namba yake ya lsusb haimo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na libfprint, programu inayoendesha visoma alama za vidole kwenye Linux, nami nililijua hilo nikiwa bado dukani. Muuzaji alipunguza shilingi elfu ishirini.